Wimbo Ndani ya Pipa

4 Februari

Babu,

Shikamoo, wewe na kile kiti chako cha kinyozi kinacholia kuliko wateja.

Umeniuliza kwa nini mtu mwenye akili zake amalize chuo, halafu arudi tena chuoni kujifunza kuvaa kofia. Babu, hii ni shahada ya uzamili ya usalama na afya kazini! Tunasoma kwa nini watu wanaumia kazini na namna ya kuzuia. Kila mwanafunzi kapewa kufuli jekundu lenye ufunguo mmoja. Kabla mtu hajaingia ndani ya mashine, anaifunga swichi kwa kufuli lake na ufunguo anakaa nao. Hata aje waziri na ving'ora vyake, mashine haiwashwi mpaka mwenye kufuli atoke.

Tuna mwalimu mmoja mtu mzima, zamani alikuwa nyapara kiwandani. Tunamwita Kofia Nyeupe, maana hata darasani anavaa helmeti. Jana katuvunja mbavu. Anasema kiwandani kwake mfanyakazi mmoja alilewa, akajitumbukiza ndani ya pipa la kuchanganyia, akawa anaimba humo kama yuko harusini. Mashine ikawashwa. Basi Kofia Nyeupe akainama ndani ya pipa la mazoezi, kichwa mpaka kiuno, akaigiza mlevi anavyoimba. Nilicheka mpaka machozi. Alipotoka akasema, “Kwa faida yenu, pombe na mashine havilali kitanda kimoja.”

Habari njema: amekubali kuisimamia tasnifu yangu. Bila saini yake hakuna shahada, kwa hiyo muombee uzima.

Mjukuu wako,
Kidomo


11 Februari

Kidomo,

Marahaba, mchumba wangu mwenye kofia.

Barua yako kanisomea muuza magazeti, maana miwani yangu nimeikalia. Alipofika kwenye “shahada ya uzamili” akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Nikamwambia kaa, ni mjukuu wangu tu huyo, mpaka juzi alikuwa anakula chaki.

Sasa niambie. Hicho kiwanda cha mwalimu wako kilikuwa cha nini? Na huyo mlevi aliimba wimbo gani? Na mwalimu mwenyewe, ana pengo la jino la mbele upande wa kushoto?

Uliza taratibu, usioneshe una haja. Mimi mzee tu, napenda nyimbo.

Babu yako,
Kinyozi


19 Februari

Babu,

Shikamoo.

Kiwanda cha sabuni. Pengo lipo, maneno mengine yanampita humo kama mluzi. Wimbo ni ule wa mama mkwe: kaja na kiti, kakiweka mlangoni, kaja na sufuria, kaiweka mlangoni, kaja na kuku, na bata, na mbuzi, mpaka mwenye nyumba anaingilia dirishani. Kofia Nyeupe anajua ubeti wa kwanza tu. Nilitaka kumwambia kwamba wewe Babu unaujua wote, nikaona aibu.

Mbona unauliza hivyo? Wewe ukiuliza taratibu, kuna jambo.

Kidomo


26 Februari

Mjukuu wangu,

Funga mlango kwanza, kisha ukae.

Yule mlevi ni baba yako.

Nilikuambia alifia kiwandani na hukuniuliza zaidi, nami nikanyamaza, maana jambo lenyewe nikilitamka wembe unatetemeka, na mimi mteja wangu namshika shingoni. Leo sina mteja. Sikiliza.

Pipa la sabuni lilikuwa upande mmoja, swichi upande wa pili, nyuma ya magunia ya magadi. Aliyesimama kwenye swichi haoni mdomo wa pipa. Zamani palikuwa na kengele. Ikafa. Wakubwa wakasema watanunua nyingine, na nadhani bado wako njiani kuinunua. Basi watu wa mchanganyo, wale wa kuchanganya sabuni, wakajiwekea sheria yao: anayeingia kukwangua pipa aimbe, asinyamaze. Wimbo ukisikika, mkono usiguse swichi. Ndilo lilikuwa kufuli lao, na halikutengenezwa chuoni.

Baba yako ndiye aliyeingia mara nyingi kuliko wote, alikuwa mwembamba na pumzi anazo. Wimbo wa mama mkwe nilimfundisha mimi akiwa mtoto, juu ya kiti hiki hiki, ili atulie nimnyoe. Aliuchagua kwa sababu hauishi. Yule mama mkwe haondoki, kila ubeti anahamia na kitu kingine.

Akaja nyapara mpya mwenye pengo. Hakumaliza hata mwezi. Baba yako anaimba, yeye akawasha. Na kwa kuwa watu wote walisikia kuimba, nyapara akasema: aliyeimba kazini alikuwa amelewa. Wakubwa wakalipenda neno hilo, maana mlevi hana madai. Baba yako, ambaye pombe hata ya kunusa ilimtapisha! Mama yako akaitwa mke wa mlevi kila foleni aliyosimama, na jina hilo akaingia nalo kaburini.

Huyo ndiye aliyekuchekesha.

Nimeshaanza kupanga. Nitakutumia upupu, uutie ndani ya helmeti ile nyeupe. Au nije mwenyewe na wembe wa zamani, ule mkubwa. Wembe huo haujanyoa mtu tangu siku ile, lakini kila asubuhi naunoa. Watu wanadhani ni uzee.

Kitu kimoja tu sijawahi kukijua, nacho kinanila: aliambiwa ile sheria ya wimbo, au hakuambiwa? Kama hakuambiwa, ni mjinga, na upupu unamtosha. Kama aliambiwa, basi tutazungumza lugha nyingine.

Babu yako


5 Machi

Babu,

Nilicheka.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara naishia hapo. Nilicheka, nikafuta machozi, nikamwambia jirani yangu darasani, “Aigize tena.” Naye akaigiza tena.

Leo nimekaa naye ofisini kwake tukipitia sura ya pili ya tasnifu. Kanisahihisha nukta. Kanipa chai. Nimekunywa, Babu, kwa sababu ningekataa angeniuliza kwa nini.

Sikiliza na wewe sasa. Usilete upupu. Usilete wembe. Usimwandikie mtu. Saini ya mtu huyu ndiyo iliyobaki kati yangu na shahada, na nikiipata nitakuwa mkaguzi wa viwanda, nitaingia milango ambayo hakuna nyapara wa kunizuia. Nivumilie mpaka asaini. Baadaye fanya utakalo.

Apa.

Mjukuu wako


10 Machi

Mjukuu,

Naapa kwa wembe wangu.

Babu yako


10 Machi

Kwa Mheshimiwa Mwalimu wa Usalama, Mwenye Kofia Nyeupe,

Salamu nyingi za heshima, na samahani kwa mwandiko. Shule niliiacha darasa la nne, baada ya mwalimu na mimi kukubaliana kwamba mmoja wetu aondoke.

Mimi kinyozi mzee. Mteja wangu mmoja kanihadithia kisa chako cha mlevi aliyeimba ndani ya pipa. Mheshimiwa, nilicheka nikamkata mtu sikio! Tangu hapo nakisimulia kila siku, lakini nakisimulia vibaya, wateja wananiuliza maswali nakwama. Ilikuwaje hasa? Wewe ulisimama wapi? Kwa nini mtu aimbe ndani ya pipa, ni pombe tu au palikuwa na lingine? Mtu mkubwa kama wewe anajua mengi, na sisi wa chini tunaokota makombo.

Nasikia pia mnayo siku ya kukaribisha wageni karakanani. Je, mzee kama mimi anaruhusiwa, na wazee wenzangu wawili watatu?

Mtumwa wako,
Kinyozi Mzee


21 Machi

Mzee wangu Kinyozi,

Nimefurahi sana kuona elimu ya usalama inafika mpaka vibarazani. Kwa faida yako na ya wateja wako, kisa kamili ni hiki.

Nilikuwa kijana, nimepelekwa kiwanda kile ili ninyooshe nidhamu. Siku ya kwanza tu wazee wa mchanganyo walinijia na ushirikina wao: ati mtu akiimba ndani ya pipa, mimi nyapara nisiguse swichi. Nikawaambia kiwanda hakiendeshwi kwa ngoma. Nikapiga marufuku nyimbo. Siku ya ajali nipo kwenye swichi, nasikia mtu anaimba, tena kwa sauti safi kabisa, na kazi imesimama. Nikajua kuna mvivu kajibanza nyuma ya pipa ananijaribu. Nikasema moyoni, leo watajua kwamba mashine haijui wimbo. Nikawasha. Kumbe mlevi yumo ndani! Ndiyo pombe hiyo, mzee wangu.

Siku ya wageni ni tarehe 10 Aprili. Karibu na wazee wenzako, nitawawekea viti vya mbele. Nitaigiza kisa chote na pipa lipo.

Wako katika usalama,
Mwalimu


25 Machi

Mjukuu,

Nimevunja kiapo. Wembe wenyewe umepata kutu siku hiyo hiyo, kwa hiyo tumeshaadhibiwa.

Nakutumia barua yake. Isome ukiwa umekaa.

Aliambiwa. Akasikia. “Kwa sauti safi kabisa,” kaandika mwenyewe, kwa wino wa bluu, na nukta zake zote mahali pake.

Wazee wa mchanganyo waliobaki nimewatafuta. Mmoja hasikii vizuri, mwingine hana vidole viwili, wa tatu ni mzima kabisa isipokuwa kichwa. Hao ndio waliomwonya siku ya kwanza. Walimwambia mkubwa wao pia baada ya mazishi, wakaambiwa anayetaka kazi yake anyamaze. Wote wanakuja. Mimi nitavaa koti, na ndani ya koti kuna wembe mkubwa.

Usinizuie. Mimi ni mzee, jela kuna chakula na vichwa vya kunyoa.

Babu yako


2 Aprili

Babu,

Nimeisoma. Nimekaa nayo.

Njoo. Vaa koti. Wembe uuache nyumbani. Safari hii usiniapie chochote, uache tu, kwa sababu nakuomba mimi, mtoto wa yule aliyekuwa anaimba.

Kofia Nyeupe alitafuta mwanafunzi wa kusimama kwenye swichi siku ya wageni wakati yeye akiigiza. Nimejitolea. Kasema mimi nina nidhamu.

Waambie wazee wakae kimya mpaka washindwe.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo mdogo. Utie mfukoni uje nao. Usimpe mtu. Usinipe hata mimi, hata nikikuomba.

Kidomo


14 Aprili

Mjukuu wangu,

Tangu nirudi sijafungua duka. Wateja wanapita na nywele zao kama mikoko. Nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, najitazama kiooni. Acha nikuambie nilichokiona kutoka kiti cha mbele, maana wewe ulikuwa umesimama na huenda hukujiona.

Nilimwona akivua koti. Nilimwona akiinama ndani ya pipa, kichwa mpaka kiuno, kofia na yote, na matako yake yakatugeukia wageni wa heshima. Akaanza: mama mkwe kaja na kiti. Vijana wakacheka. Mzee asiye na vidole viwili akanishika goti, akalibana mpaka leo lina alama.

Kisha sauti yako kwenye kipaza sauti, taratibu kama unaagiza chai: “Mwalimu, nakusikia unaimba. Niwashe?”

Watu wakacheka zaidi. Yeye mwenyewe akacheka humo ndani, pipa likacheka naye.

Ukasema: “Aliyeimba siku ile hakuwa amelewa. Alikuwa baba yangu. Wimbo ulikuwa kufuli lake, na wewe uliambiwa.”

Hapo kicheko kilikatika kama uzi. Akataka kutoka, kofia ikanasa kwenye yale makasia ya kuchanganyia ya ndani, akavuta, ikakataa. Ile kamba ya kidevuni, ambayo anawafundisha muikaze, alikuwa ameikaza sawasawa. Tukaona miguu inatafuta sakafu. Na mkono wako ulikuwa kwenye swichi. Nilikiona kila kidole.

Ukasema: “Usinyamaze, mwalimu. Ukinyamaza nitajuaje kwamba kuna mtu ndani?”

Akaimba! Loo, akaimba. Ubeti mmoja ule ule, maana hajui mwingine, kiti mlangoni, kiti mlangoni, na sauti inapanda kama ya mtoto aliyepotea sokoni. Na wale wazee wangu watatu wakasimama, hata yule asiyesikia, wakapaza kwa pamoja: “Usiguse! Anaimba!” Kama zamani. Mashahidi wakawa wageni wote, na mkuu wa chuo kinywa wazi.

Walipomkatia ile kamba akatoka kichwa wazi, akakaa sakafuni. Ukamuuliza, “Na wewe ulisikia?” Akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo tu. Ndicho nilichokingoja miaka yote hii, na kilikuwa kidogo hivyo.

Sasa neno langu. Wazee walipokuwa wanapiga kelele usiguse, mimi nilinyamaza. Midomo ilifungwa lakini moyoni nilikuwa nasema: washa. Washa, mwanangu, washa. Nilisema hivyo kwa nguvu zangu zote na sikuona haya.

Nakuuliza, na usinidanganye kwa sababu ya mvi. Na wewe ulitaka?

Babu yako


20 Aprili

Babu,

Shikamoo.

Nilitaka.

Nilijua nitataka. Nilijua tangu siku ile ya chai ofisini kwake, alipogeuka kutafuta sukari nikaona kisogo chake. Ndiyo maana asubuhi ya wageni, karakana ikiwa tupu, niliifunga swichi kwa kufuli langu jekundu, kisha nikasimama mbele yake ili asilione mtu. Mwalimu wa usalama angetupa jicho mara moja tu kabla ya kuinama angeliona. Hakutupa.

Kufuli ningeweza kulifungua, kama ufunguo ningekuwa nao. Nilivuta swichi ile, Babu. Wewe uliona vidole, hukuona vinavuta. Nilivuta aliponyamaza kidogo kumeza mate. Haikwenda. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako.

Chuo kimemvua ualimu. Mimi nimepewa onyo kwa maandishi, pamoja na msimamizi mpya, mama mmoja mkali asiyetoa chai, na nitachelewa kumaliza. Tasnifu nimeianza upya: namna wafanyakazi wanavyojilinda pale mwajiri asipowalinda, na jinsi maonyo yao yanavyoitwa ujinga. Wazee wako watatu nimewahoji. Ukurasa wa mwanzo nimeandika kwamba kazi hii ni ya baba yangu, aliyekuwa mzima wa akili na mwenye sauti safi kabisa. Maneno ya mwisho nimeyachukua kwa shahidi aliyekuwepo.

Swichi ya karakana bado imefungwa. Mafundi wanataka kulikata kufuli, nimewakatalia. Nirudishie ufunguo.

Kidomo


8 Mei

Kidomo wangu,

Marahaba.

Kwa hiyo mimi nilikuwa pale nasema washa, washa, na anayezuia ni mfuko wangu mwenyewe. Umenifanya mlinzi wa shingo ya adui yangu bila kunilipa wala kuniambia. Wewe si mjukuu, wewe ni mkosi wenye shahada. Nimecheka peke yangu mpaka muuza magazeti akaja kuangalia kama nimekufa.

Ufunguo sirudishi. Nimeutundika juu ya kioo. Waambie mafundi wakate.

Sasa, habari. Wiki iliyopita mlango umefunguka, kaingia mtu kichwa wazi, nywele zimeota ovyo. Alifuata anwani ya ile barua yangu ya utumwa. Kasimama pale pale alipokuwa anasimama baba yako akivua viatu. Kasema, “Mzee, nimekuja.”

Nikamwambia, “Naona. Kaa.”

Akakaa. Kiti kikalia. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikakikaza kidogo, kwa faida yake. Nikatoa wembe mkubwa. Nikaunoa mbele ya macho yake, sikuwa na haraka. Akaniuliza, “Unajua mimi ni nani?” Nikamwambia mteja hasemi, ataniharibia mkono.

Nikaanza kunyoa, nikaanza kuimba.

Mama mkwe kaja na kiti. Kaja na sufuria. Kaja na kuku. Nilimnyoa nywele moja moja. Kila nilipomaliza ubeti alifumba macho, akidhani ndio mwisho, na mimi nikaleta bata, na mbuzi, na kabati, na dada zake wote. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kitambaa. Nilipofika shingoni nikanyamaza kidogo, kama nimesahau maneno. Mjukuu wangu, ungeiona ile shingo! Akasema kwa sauti ndogo, “Endelea kuimba, mzee. Tafadhali.”

Nikaendelea.

Hakutoka na mkwaruzo hata mmoja. Nimekuwa kinyozi maisha yangu yote na sijawahi kunyoa vizuri hivyo. Afe, ili iweje? Aliyekufa hasikii chochote, na mimi nataka asikie.

Alipofika mlangoni kichwa kinang'aa kama yai, akageuka akaniuliza kama nimemsamehe.

Nikamwambia: “Nywele huota. Zikiota, rudi. Mama mkwe bado hajamaliza kuhamia.”

Babu yako,
Kinyozi